Arsenio Rodríguez: Kipofu Aliyeijenga Salsa Kabla Haijaitwa Salsa

Kila Alhamisi jioni, ukipita pale ukumbini karibu na vimbweta, utakuta vijana kama thelathini wamejipanga mistari wakijifunza salsa. Mwalimu anahesabu moja mbili tatu, tano sita saba. Ile nne na ile nane anazimeza, na hapo ndipo sisi tuliozoea bolingo tunapokanyagana vidole. Mimi nilidumu wiki tatu, nikakimbia. Lakini muziki wenyewe ulinibaki kichwani, pamoja na swali dogo: nani aliamua kwamba bendi ya namna hii iwe na piano, ngoma za konga, besi inayoruka pigo la kwanza, na tarumbeta zaidi ya moja? Mtu huwa hafikirii kwamba jambo kama hilo liliamuliwa. Tunaona kama limeota lenyewe, kama mwarobaini nyuma ya bweni.

Liliamuliwa. Na kwa sehemu kubwa mwamuzi alikuwa Mkuba mmoja mweusi, kipofu, ambaye alifariki kabla jina la salsa halijashika vizuri. Anaitwa Arsenio Rodríguez.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1911 huko Güira de Macurijes, mkoa wa Matanzas, kwenye nchi ya miwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa refu, Ignacio Arsenio Travieso Scull, na nyumbani walikuwa watoto kumi na watano. Ili kuelewa mazingira, kumbuka kwamba utumwa Kuba ulifutwa mwaka 1886. Yaani mtoto huyu alizaliwa miaka ishirini na mitano tu baadaye, kati ya wazee ambao walikuwa wamekata miwa kama mali ya mtu. Ukoo wake ulijihesabu kuwa wa Wakongo. Hilo halikuwa hadithi ya kupambia ukoo tu. Nyumbani kwao walishika dini ya Palo, yenye mizizi Kongo, wakapiga ngoma za Kikongo na kuimba kwa maneno ya Kikongo yaliyovuka bahari na meli za watumwa. Tulishike hili, maana litarudi mwishoni.

Familia ilipokuwa imehamia mji wa Güines, Arsenio akiwa na miaka saba au minane, mnyama alimpiga teke la kichwa. Wapo wanaosema alikuwa farasi, wapo wanaosema nyumbu. Macho yakaenda, yote mawili, moja kwa moja. Kwa mtoto maskini wa shamba, wakati ule, hapo maisha yangeweza kuwa yameishia kwenye kona ya nyumba. Badala yake akaegemea ngoma, na baadaye tres. Tres ni gitaa la Kikuba lenye nyuzi zilizopangwa jozi tatu, na halipigwi kwa kujaza jaza kama gitaa la kusindikiza. Linadokoa, linarudia, linasukuma. Ukilisikia vizuri utagundua kwamba ni kama ngoma yenye nyuzi. Nadhani ndiyo sababu lilimkaa mkononi.

Mwaka 1926 kimbunga kikubwa kiliipiga Kuba na nyumba yao ya Güines ikabomoka. Wakahamia Havana. Kijana wa miaka kumi na mitano, haoni, na tres begani. Kwa miaka iliyofuata alipiga kwenye vikundi vya mtindo wa son, vile vya watu saba: tres, gitaa, besi, bongo, marakasi, vijiti vya klave, na tarumbeta moja. Kikundi chake cha Septeto Boston hakikuwa na jina kubwa, na kilikufa mwaka 1937.

Lakini mwaka huo huo wa 1937 ukampa kitu kingine. Orchestra Casino de la Playa, iliyokuwa na umaarufu mkubwa, ilirekodi wimbo wake uitwao Bruca Maniguá, mwimbaji akiwa Miguelito Valdés. Wimbo huo unazungumzwa na mtumwa wa Kiafrika, kwa Kihispania cha kuvunjavunja kilichochanganyika na maneno ya Kikongo, na analalamika kwamba bila uhuru hana maisha. Sasa angalia mpangilio. Casino de la Playa ilikuwa bendi ya Wazungu, ikipiga kwenye kumbi za Wazungu. Havana ya wakati ule ilikuwa na klabu za Wazungu, klabu za machotara na klabu za weusi, na kila mtu alijua mlango wake. Arsenio mwenyewe asingekaribishwa kwenye baadhi ya kumbi ambako wimbo wake ulichezwa. Kilio cha mtumwa kiliingia mlango wa mbele, na mjukuu wa watumwa aliyekitunga akabaki nje akisikiliza. Jambo hili lilianza hapo na, kwa sura tofauti tofauti, halikumwacha mpaka kaburini.

Mwaka 1940 akaacha kuajiriwa, akaunda kikundi chake mwenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Kikundi cha watu saba kilikuwa kimefika mwisho wake. Sauti ilikuwa nyembamba, na kwenye ukumbi mkubwa wa wachezaji mamia kadhaa ilipotea. Wenye fedha walikuwa na okestra kubwa za saksafoni za mtindo wa jazi, lakini hizo zilikuwa zinaua ule mdundo wa chini, wa mtaani. Arsenio alichukua njia ya tatu. Aliongeza piano. Aliongeza tarumbeta ya pili, kisha ya tatu, ili ziweze kujibizana na kupanda kwa pamoja. Halafu akafanya jambo ambalo waungwana wa Havana waliliona la kishamba: akaingiza konga ndani ya bendi ya dansi. Konga ilikuwa ngoma ya uani, ya rumba za mitaa ya weusi, ngoma ambayo polisi walikuwa wakiikimbiza. Yeye akaipa kiti cha kudumu jukwaani, na aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa ndugu yake wa damu, Kike.

Kuongeza vyombo, hata mtoto tajiri anaweza. Kazi ilikuwa kuvipanga visigombane. Arsenio alimpa kila mmoja kipande chake kidogo cha kurudia, na vipande hivyo vikaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Piano inasema hivi, tres inajibu katika nafasi iliyoachwa, besi inaingia kabla hujaitarajia na kuliacha pigo la kwanza likining'inia, konga inaziba pengo. Ukimsikiliza mmoja peke yake utadhani amekosea. Wakiwa pamoja, mwili wako unaelewa kabla ya kichwa. (Ndiyo maana mwalimu wetu wa Alhamisi anameza ile nne. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshakimbia darasa.) Na kuelekea mwisho wa wimbo aliweka sehemu ambayo waimbaji wanarudia mstari mmoja huku tarumbeta zikirundika sauti juu yake, ngazi kwa ngazi. Sehemu hiyo aliiita diablo, yaani shetani.

Yote haya aliyapanga bila kuona wala kuandika noti. Alikuwa akimwimbia kila mpigaji sehemu yake mpaka ikae. Na waliopita kwenye bendi ile walitoka wakiwa wamesoma. Wenye kupenda Buena Vista Social Club, wale wazee wa Kuba waliovuma duniani mwaka 1997, mnamkumbuka yule mpiga piano mzee, Rubén González? Alipita mikononi mwa Arsenio miaka ya 1940. Baada yake alikuja Lilí Martínez, ambaye wapiga piano wa salsa hadi leo wanamwiba bila kumtaja.

Kitu kingine ni mwendo. Arsenio alipiga polepole. Wachezaji wake walikuwa weusi wa mitaa ya Havana, na wao walitaka nafasi ya kuucheza mdundo kwa ndani, mguu ukichelewa makusudi. Wazungu na watalii wa Kimarekani walitaka kasi. Arsenio alijua wazi anampigia nani. Alitunga nyimbo za mitaa, kila mtaa na wimbo wake, na vijana wa mtaa husika walijaa ukumbini siku hiyo kama mashabiki wa Simba au Yanga. Alipokuwa akipiga kwenye bustani za La Tropical, watu walimwita El Ciego Maravilloso, Kipofu wa Ajabu.

Mambo ya fedha yalikuwa mengine. Santuri alitoa, kazi ilikuwepo, lakini hoteli na kasino zilizolipa vizuri zilikuwa za bendi za rangi nyingine. Kisha likaja suala la mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mkuba mwingine, Pérez Prado, alihamia Mexico na kuifanya mambo kuwa wazimu wa dunia nzima, hata kwenye filamu. Arsenio alisema hadi anakufa kwamba mambo ilitoka kwenye ile diablo yake. Ndugu wawili wa ukoo wa López, Orestes na Cachao, nao wana dai lao, na lina uzito, kwa sababu walikuwa na danzón iliyoitwa Mambo tangu mwaka 1938. Mimi sioni haja ya kumpa mmoja kikombe. Mdundo si kiwanja chenye hati. Ninachoona ni kwamba kati ya wote waliokuwa na dai, aliyepata fedha ya maana ni yule aliyeondoka Kuba na kuupunguzia muziki uzito wake wa Kiafrika ili uvuke mpaka kirahisi. Arsenio hakupunguza. Hapo utaamua mwenyewe kama ni ushujaa au ukaidi. Nadhani ilikuwa vyote.

Mwaka 1947 alisafiri kwenda New York. Kulikuwa na kazi za muziki, lakini moyoni alikuwa na safari nyingine. Kulikuwa na daktari bingwa wa macho, Ramón Castroviejo, aliyejulikana kwa kubadilisha kioo cha jicho, na Arsenio alikuwa amejaa matumaini. Akapimwa. Jibu likawa kwamba mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo ilikuwa imekufa, na hakuna upasuaji ungeirudisha. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Inasimuliwa kwamba muda mfupi baada ya kusikia hivyo alitunga bolero iitwayo La Vida Es un Sueño, maana yake maisha ni ndoto. Ni wimbo wa mtu aliyeacha kungoja. Umeimbwa na waimbaji wengi sana wa Amerika ya Kilatini tangu hapo, na wengi wanaoucheza kwenye harusi hawajui ulitokea kwenye chumba cha daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akahamia New York kabisa. Bendi yake ya Havana hakuivunja. Aliiacha mikononi mwa mpiga tarumbeta Félix Chappottín, na waliobaki wakaendelea na sauti ile ile kwa jina la Chappottín. Ni jambo la nadra. Viongozi wa bendi tunaowajua sisi huku wakiondoka, huondoka na jina, vyombo, na nusu ya waimbaji.

New York haikumpokea kama alivyotegemea. Mji ulikuwa umetekwa na ukumbi wa Palladium na okestra tatu kubwa, za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez, zenye safu za saksafoni, suti safi na kasi ya treni. Arsenio alikuja na mwendo wake wa polepole, tres yake na ndugu zake. Akapata kazi kwenye kumbi ndogo za Bronx na Harlem ya Mashariki, kwa Wapuertoriko na Wakuba wafanyakazi wa viwandani. Aliwatungia nao wimbo, La Gente del Bronx, kama alivyofanya kwa mitaa ya Havana. Hakuwa na meneja mkubwa wala ukumbi uliomtegemea yeye. Aliendesha kikundi chake kwa miguu yake, leo santuri kwa kampuni hii, kesho kwa ile, kesho kutwa sherehe ya klabu ya kijamii. Nyinyi wenye bendi za hapa chuoni mnaogawana malipo ya graduation na bado mnadaiwa nauli ya kurudisha spika mnaijua hali hii.

Na bado hakukaa kimya kimuziki. Mwaka 1957 alipiga kwenye santuri ya mpiga ngoma Sabú Martínez iliyoitwa Palo Congo, na humo utamsikia mtu akirudi uani kwao Matanzas, ngoma tupu, tres na sauti. Baadaye akatafuta mtindo mpya, akauita quindembo, neno la asili ya Kikongo lenye maana ya mchanganyiko, akaongeza saksafoni aliyokuwa ameikataa mwanzo. Soko halikujali. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Kilatini wa New York walikuwa wanataka boogaloo, na jina la Arsenio lilikuwa la wazee.

Mwishoni akahamia Los Angeles. Huko, tarehe 30 Desemba 1970, nimonia ilimmaliza. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mwili ulirudishwa New York ukazikwa huko. Hakuacha mali ya kugombewa.

Sasa tazama kalenda, maana hapa inauma. Mwaka 1964 Johnny Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliunda bendi mpya na kuipa umbo lile lile la Arsenio: tarumbeta, piano, tres, konga. Mwaka huo huo akawa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya Fania. Mwaka 1969, Arsenio akiwa bado hai, bendi ya Sonora Ponceña ya Puerto Rico ikautoa upya wimbo wake Fuego en el 23, na mpaka leo ni kati ya nyimbo zinazowatambulisha. Mwaka 1971, miezi tu baada ya mazishi, Larry Harlow, kijana wa Kiyahudi wa Brooklyn aliyekuwa amekwenda Havana miaka ya 1950 kujifunza, akatoa santuri nzima ya kumuenzi. Harlow aliitwa Myahudi wa Ajabu, jina lililochongwa kutoka kwenye lile la Kipofu wa Ajabu. Kisha neno salsa likabandikwa juu ya yote, likauzwa dunia nzima, na miaka ya 1970 ikawa miaka ya neema kwa watu waliokuwa wanapiga muziki ambao Arsenio aliupiga mwaka 1940.

Siwalaumu kwa kumpenda. Wengi wao, Harlow hasa, walimtaja kwa jina na kwa heshima. Lakini kuna herufi mbili unazozikuta kwenye santuri nyingi za New York za wakati ule, pale panapotakiwa jina la mtunzi wa wimbo wa Kikuba: D.R. Ni kifupi cha maneno ya Kihispania yanayomaanisha haki zimehifadhiwa. Zimehifadhiwa na nani, hapakuwa na jibu. Marekani ilikuwa imeiwekea Kuba vikwazo, malipo hayakuweza kuvuka, basi jina la mtunzi likaachwa na herufi mbili zikakaa mahali pake. Arsenio angalau aliishi Marekani na jina lake lilijulikana. Wenzake wengi waliobaki kisiwani waligeuka D.R. wakiwa hai.

Huku kwetu muziki wa Kuba ulishafika zamani kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1930 kampuni za Ulaya zilikuwa zinaleta Afrika santuri za Kikuba zenye namba za GV, na wapenzi wa dansi kuanzia Léopoldville hadi pwani yetu walizizungusha kwenye gramafoni mpaka zikakwaruza. Morogoro, Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba, na hakuna aliyeshangaa. Wakongo nao waliusikia muziki ule wakaona kama mtu wa ukoo amerudi na nguo za ugenini.

Ndipo ikaja Septemba 1974. Kinshasa ilikuwa inajiandaa kwa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini tamasha la muziki lililopangwa kulitangulia halikungoja. Kwenye uwanja wa 20 Mei wakapanda Fania All Stars, Pacheco akiongoza, Celia Cruz akiimba, Ray Barretto kwenye konga. Uwanja uliwaka. Konga ile ya uani, piano na tarumbeta zinazorundikana kuelekea mwisho, besi inayoliacha pigo la kwanza likining'inia, vyote vilikuwa pale, mbele ya Wakongo ambao hawakuhitaji mwalimu wa kuwahesabia.

Arsenio alikuwa na karibu miaka minne kaburini, upande wa pili wa bahari.